Gereji ya nyumbani: anza na skrubu, kufuli baadaye

Nikiitwa kutengeneza gereji iliyovunjwa, mara nyingi kufuli nalikuta zima. Limefungwa barabara kwenye pete yake, ila pete yenyewe iko sakafuni pamoja na skrubu zake nne. Mwenye nyumba alinunua kufuli zito, akalitundika kwenye kibati kilichoshikwa na skrubu fupi kama ukucha. Mwizi hana ugomvi na kufuli. Anapenyeza mtaimbo nyuma ya kilicholishika, anakandamiza mara moja, basi.

Hatua ya 1: Jifanye mwizi
Funga mlango, simama nje, usinunue kitu bado. Kila kichwa cha skrubu unachokifikia kwa bisibisi ukiwa hapo, naye atakifikia. Sukuma mlango kwa bega, kona ya chini kisha ya juu, uone unapobonyea. Rudia kwenye mlango mdogo wa pembeni. Huo ndio watu wanaousahau, na ndio ninaoitiwa zaidi.

Hatua ya 2: Bolti mahali pa skrubu
Komeo na pete vishikwe na bolti zinazopenya mlango mzima. Kichwa laini cha mviringo kikae nje. Washa pana na nati zikae ndani. Toboa tundu la kipimo cha bolti yenyewe, bolti ya 8 mm tundu la 8 mm, isichezecheze. Ukishakaza, nje hakuna pa kushika kwa spana wala bisibisi. Upande wa fremu ya mbao, tumia skrubu za 75 mm zinazoingia hadi kwenye mbao nene au ukutani. Zile fupi zinazokuja ndani ya pakiti, tupa. Mlango wa chuma ni rahisi zaidi: chomelea.

Hatua ya 3: Bawaba
Mlango ukifungukia nje, bawaba ziko nje na pini zake pia. Nyundo na msumari vinatosha kuzitoa. Kwa bawaba za chuma, doa moja la kuchomelea kwenye ncha ya pini linamaliza shida. Kama huna mashine, fungua mlango, toa skrubu moja kwenye kila bawaba upande wa fremu, weka nyingine nene na ndefu, iache imechomoza 12 mm, kisha ikate kichwa kwa msumeno wa chuma. Kwenye bawa la pili, toa skrubu inayotazamana nayo na uchimbe tundu liingie chuma hicho. Mlango ukifungwa, chuma kinazama ndani ya mlango. Hata pini zikitolewa, mlango hauchomoki.

Hatua ya 4: Sasa kufuli
Chagua lenye shingo nene na fupi, mabega yake yaifunike, mkasi wa kukatia nondo ukose pa kuuma.

Hatua ya 5: Mlango wa umeme
Ndani kuna kamba ya dharura ya kuachia mlango umeme ukikatika. Waya uliokunjwa ncha unaweza kupitishwa juu ya mlango na kuivuta. Usiikate, siku moja itakutoa humo ndani. Funga kibati cha kuziba njia ya waya kuifikia. Rimoti nayo isilale kwenye gari lililoegeshwa nje. Mashine za zamani hutuma namba ileile kila unapobonyeza, na namba hiyo hunakiliwa. Za kisasa huibadilisha kila mara.

Hatua ya 6: Ndani
Dirisha libandike karatasi ya ukungu, mtu asihesabu mali yako bure. Mlango wa kuingilia nyumbani kutoka gereji uupe komeo kama mlango wa nje, kwa sababu akishaingia gereji anafanya kazi kwa utulivu, tena kwa vifaa vyako: drili, tindo, ngazi. Vifungie kabatini. Ngazi yangu nimeifunga mnyororo ukutani. Mke wangu hulalamika kila taa inapoungua, lakini ufunguo anajua ulipo.