Kupata sauti tamu kwenye amplifaya ya transista

Amplifaya yangu ya kwanza ya gitaa, ya transista, niliipandisha hadi mwisho, nikisubiri ingurume kama ya vali, ile mirija ya kioo inayokuza sauti katika amplifaya za aina nyingine. Ikanitolea mkwaruzo mkavu wa kuumiza masikio, nami nikaisusa kwa miezi. Kumbe kosa lilikuwa langu. Vali ikizidiwa, hulainisha kilele cha wimbi la sauti kidogo kidogo. Transista hukikata ghafla. Kwa hiyo usisubiri uzuri wake pale inapozidiwa. Uzuri wake ni kubaki safi hata ikiwa juu.

B.B. King, mpiga gitaa la bluzi, alipiga kwa miaka mingi kupitia Lab Series L5, mashine ya transista ya wati 100, na gitaa lake liliimba. Joe Pass wa jazi alitumia Polytone, nayo ya transista. Anza kama wao: weka besi, kati na trebo katikati, chomeka gitaa bila pedali yoyote (kile kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti), kisha piga akodi moja kwa nguvu na kwa upole. Utasikia kila kosa la kidole, maana transista haibani sauti, yaani haisawazishi ya juu na ya chini, kama vali inavyofanya. Ukiona noti zinaruka mno, punguza nguvu ya mkono kwanza. Pedali ya kubana sauti ije baadaye.

Sasa korasi, ule mbadiliko unaofanya gitaa moja lisikike kama kadhaa, na hapa naomba utulie nami kidogo. Mashine ya Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, ina amplifaya mbili za wati 60 ndani ya sanduku moja, kila moja na spika yake ya inchi 12. Ukiwasha korasi, spika moja hutoa sauti kavu, nyingine hutoa ile inayoyumba, na mchanganyiko hutokea hewani. Ndiyo maana ukikaa nayo miguuni husikii kitu cha ajabu. Rudi nyuma hatua nne au tano. Ukirekodi, weka maikrofoni kwenye kila spika. Ukiweka moja tu, utapata nusu ya habari. Robert Smith wa The Cure aliitumia mashine hii, na James Hetfield wa Metallica, mwenye magitaa mazito kiasi kile, aliitumia kwa vipande vyake safi.

Unataka mngurumo mzito? Utengeneze mapema, kwenye pedali au chaneli ya mkwaruzo, huku sauti kuu ukiiacha chini ya pale spika zinapoanza kulalamika. Dimebag Darrell, mpiga gitaa wa bendi ya Pantera, alipitia amplifaya za Randall za transista, na ile kata ya ghafla ikampa makali ya haraka aliyoyataka. Yeye alipunguza sauti za kati. Mimi nikiwa na bendi huzipandisha, la sivyo ngoma na besi hunimeza kabisa.

Kabla ya kuongeza spika, soma maandishi ya nyuma. Ikiandikwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kuwa kiwango cha chini, usiunganishe spika mbili za omu 8 sambamba, kwani zitakuwa 4, na transista zitachemka hadi ziungue.

Mwisho, rekebisha trebo ukiwa umesimama mbele ya spika, masikio yakiwa usawa wake. Ukirekebisha ukiwa umesimama juu yake, utaizidisha, na wa mstari wa mbele ndio watakaoumia.