Mokteli ya Nemo: embe, tui la nazi na dakika 25 za friza

Sista wangu wa Manyatta alinipigia simu ati mtoto wake anafikisha miaka 6 na hataki keki, anataka "sinema na kinywaji ya hoteli". Mimi kazi yangu ni kuchanganya vinywaji kwa harusi na sherehe hapa Kisumu, so nikajiambia hii mokteli, yaani kinywaji ya kuchanganya isiyo na pombe, ni kitu ya nusu saa. Wapi! Ilinila usiku mzima na maembe 9, na watoto wakanicheka juu yake. Naandika hii ndio wewe usipitie hiyo njia.

Filamu ilikuwa Finding Nemo, ile ya Pixar ya 2003. Kusema ukweli ni mimi niliichagua. Watoto wa huku wamezaliwa wakiona ngege na mbuta zikiparuzwa magamba, hadithi ya samaki haiwapi shida, ila swali la kwanza huwa ni "anko, huyu anapikwa aje?" Pia ina dakika 100, na mtoto wa miaka 6 anaweza kukaa muda huo kama katikati kuna kitu ya kumshtua.

Hatua ya 1: itazame peke yako kwanza, saa ikiwa mkononi

Watu wengi hulinganisha rangi tu. Filamu ni ya bahari, wananunua soda ya bluu, wamemaliza. Mimi soda ya bluu siipendi kabisa, inaacha mtoto na ulimi kama amelamba wino na ladha yake hata hujui ni ya nini. Linganisha dakika. Hii filamu inaanza na huzuni, barakuda anakuja na kwa muda mfupi baba, Marlin, amepoteza bibi yake na mayai zaidi ya 400, limebaki moja tu, na hilo ndilo Nemo. Ukipeana glasi hapo, mtoto atasahau anayo mkononi, barafu itayeyuka na yeye analia. Papa nao wakifika wadogo wanakimbilia kwa mama zao, hapo pia utamwagiwa kochi. Peana pale wale kasa wanaingia na Marlin na rafiki yake Dory wanabebwa na mkondo wa bahari wa Australia, ni kama katikati hivi na kila mtu amechangamka. Kabla ya hapo wape bisi na maji.

Hatua ya 2: soko

Nenda Kibuye asubuhi. Embe chukua za kunukia, zenye nyama isiyo na nyuzi nyingi, kwa watoto 7 ni kama 5 kubwa. Nazi 2, uzitikise usikie maji ndani, isiyolia iwache. Machungwa 3. Sukari na asali unazo. Juisi ya pakiti usininunulie, imejaa maji na hapa tunataka uzito. Na ulizia wazazi mapema kama kuna mtoto nazi humdhuru.

Hatua ya 3: menya embe zote. Nusu kata vipande, weka friza tangu jana usiku. Nusu saga kwa blenda bila maji, chuja.

Hatua ya 4: tui

Wapwani wako na mbuzi, namaanisha ile ya kukunia nazi sio ile ya kuchoma. Sisi huku hatuna, so toa nyama ya nazi, kata vipande vidogo, saga kwa blenda na maji ya uvuguvugu kikombe kimoja tu, kisha kamua kwa kitambaa safi. Hilo la kwanza ndilo tui zito na ndilo tunataka. Lile la pili jepesi peleka kwa wali. Yale machicha yanabaki kwa kitambaa usitupe, yakaushe kwa sufuria moto ukiwa chini. Tui liwekwe kwa frija usiku mzima bila kuguswa, asubuhi utakuta sehemu nzito imepanda juu na maji yameshuka chini. Toa hiyo ya juu na kijiko. Ya mkebe pia inafanya kazi, ni vile tu mimi hukamua mwenyewe, naona ya mkebe inabaki na ladha ya chuma.

Hatua ya 5: mistari (hapa ndio nilikufia)

Nemo ni rangi ya chungwa na ana mistari mitatu myeupe, so kinywaji lazima iwe na chungwa na nyeupe zikiwa zimekaa mbalimbali. Mara ya kwanza nilitumia juisi ya pasheni na maziwa ya ng'ombe juu, kwa sababu pasheni napenda na maziwa ilikuwa hapo. Kwa dakika mbili tatu ikakaa poa, nikapiga hadi picha. Halafu nyeupe ikaanza kukatika vipande vipande ikishuka kwa pasheni, glasi ikakaa kama mala imemwagikia supu. Mpwa wangu akaangalia akasema, "Anko, mbona Nemo ametapika?" Bathdei yenyewe ilikuwa kesho yake, shukuru Mungu.

Sababu ni asidi. Protini ya maziwa huganda asidi ikifika kiwango fulani, pH kama 4.6 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi), na pasheni iko chini ya hapo mbali sana, karibu 3. Ndimu ni mbaya zaidi. Embe iliyoiva ni mpole, ndio maana watu husaga embe na maziwa na hakuna kitu inatendeka. Kwa hivyo pasheni toa kabisa kwa hii mokteli hata kama unaipenda kama mimi, na usijidanganye ati "nitaweka kidogo tu", niliweka kidogo tu.

Nikaenda kwa embe na tui. Haikukatika, lakini sasa ikachanganyikana yote ikawa rangi ya uji wa malenge. Hapa nilipoteza kama masaa matatu nikijaribu kumimina kwa mgongo wa kijiko, kumimina kwa ukuta wa glasi, kumimina na mrija, mpaka stima ikapotea nikaendelea na tochi ya simu. Shida mbili. Ya kwanza, embe yangu haikuwa nzito vya kutosha. Kitu chenye sukari nyingi hukaa chini na chenye mafuta hupanda, so ongeza sukari kwa embe ya chini, kama vijiko viwili vya chai kwa kila glasi, na chumvi ya kushika na ncha za vidole tu (maji ya ziwa letu hayana chumvi lakini Nemo ni wa bahari, na chumvi huamsha embe). Jaribu kwanza kwa kikombe kidogo: dondosha tui kijiko kimoja juu ya embe. Likielea endelea. Likizama ongeza sukari.

Ya pili ndiyo hakuna mtu aliniambia. Mafuta ya nazi huwa magumu chini ya nyuzi 24 hivi, na Kisumu mchana huenda mpaka 29, 30. Yaani tui lako kwa meza ni kama mafuta ya kupikia, haliwezi kubeba kitu. Kwa hivyo fanya hivi: mimina embe yenye sukari theluthi ya glasi, glasi zikiwa zimetoka friza. Weka tui zito juu pole pole na kijiko, unene wa vidole viwili. Rudisha glasi friza dakika 25. Sio 10, nilijaribu 10. Sio saa nzima pia, juu itakuwa jiwe na mrija hautapita. Ukitoa, gusa na kijiko, inafaa iwe kama siagi iliyoanza kulegea.

Sasa saga vile vipande vya embe vilivyoganda pamoja na barafu kidogo, bila sukari kabisa, iwe kama theluji, na uiweke juu kwa kijiko usimimine. Barafu na hewa zinaifanya nyepesi, inakaa juu ya tui bila kuzama. Stima yenu ikiwa na tabia kama ya kwetu, nunua barafu ya ziada na uweke glasi kwa kuleboksi, barafu na chumvi kwa pembeni, inafanya ile kazi ya friza ila subiri dakika 40.

Hatua ya 6: mistari miwili iliyobaki

Kijiko cha tui juu kabisa, huo ni wa pili. Wa tatu ni ukingo wa glasi: paka asali, gusisha kwa yale machicha. Fanya ukingo kabla ya kumimina chochote, najua naandika hii mwisho, usinifuate.

Halafu pezi. Pezi la kulia la Nemo ni dogo, kwa hivyo kata vipande viwili vya chungwa, kimoja kikubwa na kimoja kidogo kabisa, chomeka pande mbili za glasi. Mimi nilidhani hakuna atakayeona. Kila mtoto aliona, na mmoja akalia ati mapezi ya glasi yake yako sawa sawa.

Hatua ya 7: peana

Kasa wa kwanza akitokea kwa tivii, toa glasi zote kwa mkupuo. Una kama dakika 20 kabla mistari haijaanza kushikana, hiyo joto yetu haina huruma. Waambie wanywe kuanzia juu wakishuka, mrija mnene sio ule mwembamba wa soda.

Wazazi wakitaka yao, saga tangawizi mbichi kwa ile embe ya chini. Usiwawekee soda juu, povu inapasua mistari yote. Na wakiboeka, wanong'oneze kwamba kwa samaki wa aina ya Nemo, jike likifa dume kubwa hugeuka kuwa jike, so Marlin kwa maisha ya kweli angekuwa mama. Shemeji yangu amekataa hiyo mpaka leo.

Zikibaki, koroga zote pamoja umimine kwa trei ya barafu, kesho unasaga na ndizi.