Namna ninavyopanga nyimbo mpya za makundi ya wavulana ya K-pop, kuanzia wa kwanza hadi wa mkia

Kila mwisho wa mwezi huwa naketi na daftari nikapanga nyimbo mpya za makundi ya wavulana kutoka Korea Kusini. Nilipoanza nilikuwa natoa alama juu ya kumi. Baada ya miezi mitatu nikafungua kurasa za nyuma, nikakuta karibu kila wimbo una saba na nusu, isipokuwa wa kundi ninalolipenda, ambao ulikuwa na tisa. Nilikuwa nimeandika barua ya mapenzi yenye namba. Utaratibu ufuatao ulitokana na kujirekebisha hapo.

Hatua ya 1: Funga mlango wa orodha

Kabla hujasikiliza chochote, amua nyimbo zipi zinaingia. Mimi huchukua wimbo mkuu tu, ule mmoja ambao kundi limeutolea video na kwenda kuuimba kwenye vipindi vya muziki vya televisheni, kama Music Bank ya KBS siku ya Ijumaa au Inkigayo ya SBS siku ya Jumapili. Nyimbo nyingine za kwenye albamu zina daftari lake, hata zikiwa tamu kuliko wimbo mkuu. Na mara nyingi huwa tamu kuliko wimbo mkuu, lakini huo ni ugomvi wa siku nyingine.

Nyimbo nane zinatosha kwa mwezi. Zikifika kumi na tano, utakuwa unapanga uchovu wako. Na usibabaishwe na neno kambaki, yaani kurejea: Wakorea huliita hivyo kila kundi linapotoa kazi mpya, hata kama wiki tatu zilizopita lilikuwa bado jukwaani. Angalia tarehe ya kutoka, basi.

Hatua ya 2: Jua saa

Hapa Mswahili amebarikiwa. Korea iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6, na sisi tunaanza kuhesabu saa kulipopambazuka, kwa hiyo tofauti inajifuta yenyewe. Bango likiandika 6PM KST, yaani saa za Korea, ni saa sita mchana kwetu. Likiandika 1PM, ni saa moja asubuhi. Unaisoma namba ilivyo, hakuna hesabu.

Nyimbo nyingi hutoka hiyo saa sita mchana. Za saa moja asubuhi kwa kawaida ni za Ijumaa, za makundi yanayoitazama Marekani: muda huo New York ni usiku wa manane, na wiki ya kuhesabu ya chati za Billboard ndiyo inaanza. Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma kwa majira ya baridi, nasi tunasogea hadi saa mbili.

Hatua ya 3: Sikiliza bila kuona

Usifungue video. Najua ni mateso, kwa sababu video ndiyo iliyotangazwa wiki mbili nzima kwa vipande vya sekunde kumi. Ifunge. Video ya EXO ya mwaka 2013, ile ya Growl, imepigwa kana kwamba kamera haikuzimwa tangu mwanzo hadi mwisho, vijana wanaingia na kutoka mbele yake kama maji. Nilipoitazama kwa mara ya kwanza ningekuapia kwamba ndio wimbo bora duniani. Ni wimbo mzuri kweli, ila siku ile sikuwa nimeusikia. Nilikuwa nimeutazama.

Kusikiliza bila video kunaokoa na bando pia.

Sikiliza mara tatu, kwa vyombo tofauti. Mara ya kwanza kwa spika ya simu, ukiwa unafanya kazi nyingine. Mara ya pili kwa hedifoni, umekaa, hufanyi kitu. Mara ya tatu njiani. Sababu ni kwamba spika ya simu inameza besi. Get A Guitar, ambao RIIZE walitoka nao Septemba 2023, ni wimbo wa fanki ya kizamani, gitaa na besi ndivyo vinavyoubeba. Kwa spika ya simu nilibaki na sauti za vijana na makofi makofi nyuma, nikauona mwepesi. Kwa hedifoni ukapata miguu. Kuna nyimbo za upande wa pili pia, zinazonguruma kwenye hedifoni kama lori la mchanga, halafu kwenye simu huoni hata kama zina melodi. Hizo ziwekee alama ya kuuliza.

Hatua ya 4: Andika sekunde, usiandike sifa

Katika usikilizaji wa pili ndipo kalamu inapofanya kazi. "Mzuri", "moto", "umenikosha" havina msaada. Kesho hutakumbuka kilichokukosha. Andika muda na tukio. Huu hapa ukurasa wangu wa wimbo mmoja ambao jina nitalistiri, maana ulishika mkia:

0:00 king'ora. Tena.
0:09 rapu, sauti nzito, mdundo umeachwa mtupu. Vizuri.
0:31 wanaimba, gitaa linaingia, panapanda... panapanda...
0:46 kimya cha nusu sekunde
0:47 king'ora na jina la wimbo mara nane. Hicho ndicho kiitikio?
1:50 sauti moja ya juu, peke yake, kama imetoka wimbo mwingine. NZURI MNO. Sekunde 11.
2:01 king'ora
2:38 umekatika, haukuisha

Ukurasa huo tayari umeshasema yote. Sekunde 11 za dhahabu katikati ya king'ora. Ningeandika tu "una sehemu nzuri na sehemu mbaya", nisingejua leo ilikuwa ipi.

Hatua ya 5: Kikague kiitikio

Hapa ndipo mahali pa kukaa muda mrefu, maana nyimbo za makundi ya wavulana hushinda au huanguka hapa.

Swali la kwanza: kiitikio kinaimbwa au kinapigwa? Kwa miaka mingi sasa makundi ya wavulana yamependa kupandisha wimbo hadi juu kabisa, halafu pale unapongoja melodi unaletewa mdundo na kelele za kundi. Msikilizaji mgeni huona amedhulumiwa. Lakini si kosa lenyewe kwa lenyewe. God's Menu ya Stray Kids ya mwaka 2020 inafanya hivyo hivyo: kiitikio chake ni mdomo unaoiga mlio wa bunduki, na kinasimama, kwa sababu rapu ya kabla yake imeshaweka mdundo ule ule mwilini mwako. Unapofika hujaachwa njiani. Kinachoudhi ni kiitikio kilichobandikwa, ambacho ungeweza kukitoa na kukipachika wimbo mwingine bila mtu kugundua. Fanya jaribio hilo kichwani: kinahamishika? Kikihamishika, shusha wimbo.

Swali la pili: kipande kinachokuja kabla ya kiitikio cha mwisho, kile kinachobadilisha hewa, kipo? Nyimbo zimekuwa fupi. Nyingi sasa hazifiki dakika tatu, na kipande hicho ndicho kinachotupwa kwanza. Kikiwepo, kiandike. Mimi nakiri nina udhaifu hapo, wimbo ukiwa nacho kizuri naweza kuusamehe king'ora.

Swali la tatu, nani anaimba nini. Chukua SEVENTEEN, walioanza mwaka 2015 wakiwa 13. Wimbo wa sekunde 170 ukigawanywa sawa kwa watu 13, kila mmoja anapata sekunde 13, na hapo hujatoa muziki mtupu wa mwanzo. Kwa hiyo mgao hauwezi kuwa wa haki, na mimi siutafuti uwe wa haki. Naangalia kama kila sauti imewekwa panapoifaa: nzito kwenye ubeti, nyembamba kwenye kupanda, yenye mikwaruzo pale hasira inapohitajika. Mashabiki watakuhesabia sekunde za kipenzi chao kwa saa ya mkononi. Waache wahesabu.

Hatua ya 6: Soma mashairi, na jina la Kikorea

Tafuta tafsiri mbili, si moja, kwa sababu wafasiri hawakubaliani. Na usiridhike na jina la Kiingereza. Wimbo mkuu wa kwanza wa kundi la TWS, uliotoka tarehe 22 Januari 2024, kwa Kiingereza unaitwa plot twist, jina la baridi kabisa. Kwa Kikorea jina lake ni sentensi nzima: kukutana kwa mara ya kwanza hakuendi kama ulivyopanga. Hapo unamwona mtoto wa shule mbele ya kioo akijifunza namna ya kusalimia. God's Menu nao, kwa Kikorea jina linachezea silabi moja, sin, inayoweza kuwa mungu au kitu kipya: menyu ya mungu, menyu mpya. Ukikosa hilo, umekosa mzaha wa wimbo mzima.

Angalia pia nani ameandika. Stray Kids wanaandikiwa na watatu wao wenyewe, Bang Chan, Changbin na Han. Kwa SEVENTEEN utakutana na jina la Woozi karibu kila mahali. Kujiandikia hakuongezi alama kwangu. Kunanisaidia tu kujua nimlaumu nani.

Hatua ya 7: Weka mauzo nje

Fupi hii. Kundi la ZEROBASEONE lilipoanza Julai 2023, albamu yao ya kwanza ilivuka nakala milioni 1 siku ya kwanza tu kwa hesabu ya Hanteo, wanaohesabu mauzo ya albamu huko Korea. Ni jambo kubwa, ila linakueleza ukubwa wa mapenzi ya watu kwa kundi. Albamu hununuliwa kwa mafungu, kwa ajili ya kadi za picha na bahati nasibu ya kwenda kusainiwa na wasanii. Mtu mwenye nakala 20 hana masikio 40. Ukitaka kujua Mkorea wa kawaida anasikiliza nini akiwa kwenye treni, chungulia orodha ya Melon, programu ya Kikorea ya kusikilizia muziki, lakini baada ya kumaliza yako.

Hatua ya 8: Zipambanishe mbili mbili

Badala ya alama, tumia ndondo. Chukua nyimbo mbili, jiulize swali moja tu: ukiambiwa sasa hivi upige mmoja kati ya hizi, utabonyeza upi? Usifikiri zaidi ya sekunde tano. Kidole kinajua.

Kupambanisha nyimbo nane, kila mmoja na mwenzake, ni mechi 28, na hiyo ni kazi ya adhabu. Njia ya mkato ni kujenga ngazi. Anza na nyimbo mbili, mshindi juu. Kila mpya anayekuja mkutanishe na aliye katikati ya ngazi. Akishinda, mpeleke akapambane na walio juu ya hapo, akishindwa, ateremke. Kwa mtindo huo nyimbo nane hazizidi mechi 17, na unamaliza kabla chai haijapoa.

Kuna siku utakuta A kamshinda B, B kamshinda C, halafu C kamshinda A. Usishtuke. Maana yake nyimbo hizo tatu unazipendea mambo tofauti. Rudi kwenye daftari la sekunde, uone kipi kimekufanya ubonyeze. Mimi hapo huamua kwa kiitikio.

Hatua ya 9: Ilaze orodha wiki moja

Nilikuwa siilazi. Januari 2024 niliuweka huo wimbo wa TWS nafasi ya saba kati ya nane na kuandika kwamba unafaa tangazo la soda. Orodha ikatoka. Siku kumi baadaye nafua mashuka uani, dada yangu akauliza ni wimbo gani huo ninaoimba tangu asubuhi. Nikajua umeniumbua. Huko Korea nao ukaganda kwenye orodha ya Melon kwa miezi.

Kwa hiyo sasa naacha siku saba bila kusikiliza wimbo wowote kati ya hizo, kisha najaribu kuimba kila kiitikio kutoka kichwani kabla ya kubonyeza chochote. Nisioweza kuukumbuka hata kidogo unashuka ngazi moja. Unaonijia bila kuuita unapanda moja. Siruhusu zaidi ya moja, maana kuna nyimbo zinazong'ang'ania kichwani kama kupe bila kuwa nzuri. Video naziangalia hapo, baada ya ngazi kukauka. Zikinitamanisha kubadilisha kitu, naandika pembeni "video" na sibadilishi.

Hatua ya 10: Andika

Sentensi tatu kwa kila wimbo zinatosha: tukio moja la sekunde fulani, sababu moja ya kukaa juu ya ule wa chini yake, na lawama au sifa moja usiyoionea aibu. Kundi lako la moyoni litaje mapema, wasomaji wapunguze wenyewe. Anza kuandika wa mkia ukiwa bado na nguvu, kwa sababu huo ndio mashabiki watakaousoma kwa darubini, na "sijaupenda" haitakuokoa. Wa king'ora niliuandikia hivi: "Katika 1:50 kuna sekunde 11 ambazo ningezinunua peke yake. Umekaa chini ya wa saba kwa sababu ule una kiitikio, huu una jina lake mara nane. Aliyeimba hizo sekunde 11 apewe wimbo."

Nilitukanwa na watu wanne. Wa tano aliniuliza ni sekunde zipi hasa, akaenda kuzisikiliza.