Kabla Baridi Haijaingia Kwenye Tangi: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Mafuta ya Gari na Mashine Ndogo

Dizeli ina nta ndani yake, jamii ileile ya nta inayotengenezewa mishumaa. Wakati wa joto nta hiyo imeyeyuka na huwezi kuiona. Dizeli inang'aa, ukiiweka kwenye chupa unaona upande wa pili. Baridi ikizidi, nta huanza kujitenga kama mafuta ya nazi yanavyofanya alfajiri ya kipupwe: kwanza ukungu, halafu chembe nyeupe, mwisho tope zito. Hapo dizeli haijaharibika. Ikipata joto inarudi kama ilivyokuwa. Tabu ni kwamba kati ya tangi na injini kuna filta, na matundu ya filta ni membamba kuliko unywele. Nta inakwama hapo.

Niliyaona haya siku ambayo gari la dizeli nililokuwa nikiendesha liliwaka vizuri asubuhi, likatembea dakika kama tano, kisha likaishiwa nguvu kwenye kimwinuko kidogo na kuzima. Starta inazungusha, betri nzima, tangi limepita nusu. Fundi akaifungua filta akanionyesha: karatasi yake imepakwa kitu cheupe chenye utelezi. Akachota kidogo kwa ncha ya kidole, akakisugua kwenye kiganja, na palepale kikayeyuka kikawa dizeli. Mafuta yale nilikuwa nimejaza wiki kadhaa nyuma, kungali na joto, na sikuyafikiria tena. Gari liliwaka kwa sababu dizeli iliyokuwa karibu na injini ilitosha kwa dakika hizo tano. Iliyofuata haikuweza kupita.

Tangu siku ile nimeshika jambo moja: karibu kila kinga ya mafuta dhidi ya baridi inafanya kazi mafuta yakiwa bado maangavu. Yakishaganda unafanya matengenezo, tena nje, tena vidole vimekufa ganzi. Chukua mfano wa dawa ya kuzuia dizeli kuganda. Wengi hudhani inayeyusha nta. Haiyeyushi. Inachofanya ni kuzuia chembe za nta zisikue na kushikamana, zibaki ndogo kiasi cha kupenya kwenye filta. Ukiimimina kwenye tangi lililokwisha kuganda, itaelea juu ya tope bila faida. Ipo dawa ya aina nyingine kwa ajili ya dizeli iliyoganda tayari, lakini hiyo nayo inahitaji filta mpya na muda wa kusubiri. Ya kinga imimine kabla ya kujaza mafuta, ili dizeli inayoingia kwa kasi iichanganye, na fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kuzidisha hakuongezi kinga.

Jambo la msingi zaidi ni kujua umejaza dizeli ya msimu gani. Kwenye nchi zenye majira ya baridi kali, viwanda hubadilisha dizeli kadiri msimu unavyogeuka. Kiwango cha Ulaya, EN 590, kinaigawa kwa kuangalia ni kwenye baridi gani itaziba filta ya majaribio: daraja A ni nyuzi 5 juu ya sifuri, daraja F ni nyuzi 20 chini ya sifuri, na madaraja ya maeneo ya baridi kupindukia yanafika nyuzi 44 chini ya sifuri. Kwa hiyo magari mawili yanaweza kulala pamoja uwanja mmoja, usiku mmoja, moja likawaka na jingine likagoma, na tofauti ikawa ni tarehe ya kujaza tu. Dizeli ya msimu wa joto yaweza kuanza kuonyesha ukungu karibu na nyuzi sifuri.

Hatari kubwa iko kwa anayesafiri kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, au kupanda kutoka bondeni hadi mlimani, maana anabeba dizeli ya alikotoka. Panga safari ufike mafuta yakiwa yamebaki kidogo, ujaze kule kule kwenye baridi, siku hiyohiyo, kabla ya gari kulala. Ukishajaza usiliegeshe gari papo hapo. Endesha kilometa kadhaa ili dizeli mpya ifike kwenye filta na kwenye bomba la kurudishia mafuta. Mtu akijaza kisha akaegesha hatua chache kutoka kwenye pampu, filta yake inalala na dizeli ya zamani.

Kama dizeli imechanganywa na ya mimea, kuwa mwangalifu maradufu. Ile inayotokana na mawese huanza kuganda hata hali ya hewa ikiwa nyuzi kumi na kitu juu ya sifuri, na ya soya karibu na sifuri. Mchanganyiko wenye sehemu ndogo tu hauleti shida kubwa kiasi hicho, lakini kadiri sehemu hiyo inavyoongezeka ndivyo ukungu unavyowahi.

Kuhusu kuchanganya mafuta ya taa: ni njia ya zamani na inasaidia, kwa kuwa mafuta ya taa hayana nta nyingi. Ila msaada wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kila sehemu moja katika kumi hushusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi kama moja au mbili hivi. Tena hayalainishi vizuri, na pampu ya sindano, ile inayosukuma dizeli ndani ya injini, hutegemea dizeli hiyohiyo kujilainisha. Injini za kisasa zenye mgandamizo mkubwa wa mafuta haziyapendi kabisa. Soma kitabu cha gari kabla ya kujaribu. Petroli usiitie kwenye dizeli hata kidogo, aliyekushauri awe nani. Dizeli inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 55 kabla mvuke wake haujaweza kushika moto wa cheche; mvuke wa petroli unashika hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukichanganya, tangi la dizeli linakuwa na tabia za tangi la petroli bila kinga zake.

Sasa maji, ambayo kwa maoni yangu husumbua watu wengi zaidi kuliko nta, kwa sababu hayachagui aina ya mafuta. Tangi lililobaki robo lina hewa nyingi, na hewa ina unyevu. Usiku ukipoa, unyevu unatua kwenye kuta za tangi kama umande na kutiririka chini. Maji ni mazito kuliko mafuta, basi yanakaa sakafuni, karibu na mahali mafuta yanapovutwa. Barafu kidogo tu kwenye bomba inatosha kuzima injini. Ndiyo maana nashauri kila jioni ya msimu wa baridi tangi lisishuke chini ya nusu, na likiwa limejaa ni bora zaidi. Magari mengi ya dizeli yana kikombe cha kutengea maji chini ya filta, chenye skrubu ndogo ya kumwagia. Ifungue kabla ya msimu, ukinge kwa chupa ya kioo, uache itulie dakika chache. Ukiona mstari unaotenganisha tabaka mbili, la chini ni maji. Endelea kumwaga mpaka ije dizeli tupu. Na filta ibadilishwe kabla ya baridi hata kama kilometa zake hazijatimia, kwani iliyojaa uchafu inahitaji nta kidogo tu ili izibe.

Petroli haigandi kwenye baridi tunayoishi nayo binadamu. Shida yake ni nyingine: injini haichomi petroli ikiwa bado kimiminika, inachoma mvuke wake, na baridi inauzuia mvuke kutoka. Viwanda huiongezea petroli ya majira ya baridi vitu vyepesi vinavyofuka haraka. Ile ya dumu lililokaa tangu msimu wa joto haina vitu hivyo, na hata vilivyokuwemo vimekwisha kutoroka kupitia kizibo. Mtu anavuta kamba ya jenereta mara ishirini akiamini plagi imekufa, kumbe petroli ni chakavu. Kabla ya kufungua chochote, jaribu petroli mpya.

Petroli yenye ethanoli ina tabia yake. Ethanoli hunyonya maji na kuyachanganya na mafuta, jambo ambalo ni jema kwa kiasi kidogo. Ile yenye ethanoli asilimia 10 inaweza kubeba maji ya karibu nusu ya asilimia katika joto la kawaida. Ikipoa uwezo huo unapungua, na maji yakizidi yanaachana na petroli pamoja na ethanoli yenyewe, yote yanashuka chini. Hapo hakuna dawa ya kuyarudisha, tangi linamwagwa.

Mashine ndogo, yaani jenereta, msumeno wa mnyororo, mashine ya kukatia nyasi, zinahitaji uamuzi kabla ya msimu: utaitumia au utaihifadhi? Ya kuhifadhi, funga koki ya mafuta uiache iungurume mpaka izime yenyewe, ili kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ibaki kavu. Petroli ikikaukia humo huacha gundi inayoziba vitundu vya jeti. Ya kutumia, weka petroli mpya, na ukitia dawa ya kuhifadhi iwashe dakika kumi ili dawa ifike kwenye kabureta. Injini za mipigo miwili, zile ambazo oili huchanganywa kwenye petroli yenyewe, mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Utikise dumu kila unapotaka kumimina, maana kwenye baridi oili nzito huchelewa kuchanganyika. Misumeno mingi ina kifuniko cha kugeuza kwa msimu wa baridi, kinachopeleka hewa ya uvuguvugu kwenye kabureta. Kigeuze, na joto likirudi ukirudishe. Barafu ndani ya kabureta hutokea hata hewa ikiwa nyuzi chache juu ya sifuri, kukiwa na unyevu mwingi.

Jenereta ina jambo jingine ambalo wengi hulijua wakishapata hasara. Mpira mdogo unaotoa pumzi ya injini unaweza kujaa barafu, presha ikapanda ndani, na sili ya oili ikasukumwa nje. Jenereta ikinge na upepo kwa kizuizi, ila isiingizwe ndani ya nyumba, wala barazani, wala karibu na dirisha. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu usingizini.

Kwa madumu: usiyajaze hadi shingoni. Lita 20 za petroli zilizojazwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, zikifikishwa kwenye nyuzi 20 juu yake, zinatanuka kwa karibu robo tatu ya lita. Wakati wa kujaza dumu liwe chini, ardhini, kwa sababu hewa kavu ya baridi huongeza cheche za umeme tuli. Na vaa glavu zisizopitisha mafuta. Petroli iliyolala nje ina baridi ileile ya usiku huo, na ikikumwagikia mkononi inafuka na kunyonya joto. Ngozi yaweza kuganda upesi.

Mengine nayapitia kwa haraka. Maji ya urea, yale ya AdBlue yanayosafisha moshi wa magari ya dizeli, huganda nyuzi 11 chini ya sifuri na kutanuka, kwa hiyo usilijaze tangi lake pomoni. Mtungi wa gesi ya butani hautoi gesi chini ya sifuri, tumia propani. Betri iliyokwisha chaji inaweza kuganda na kupasuka, basi ichaji kabla. Oili iwe ya uzito ulioandikwa kwa baridi ya unakokwenda. Gari lenye hita plagi, yaani plagi za kupasha injini ya dizeli joto kabla ya kuwaka, usilipulizie dawa ya etha ya kuwashia. Subiri taa ya hita izime, ndipo upige starta.

Dizeli ikiganda licha ya yote, mahali pake ni ndani ya banda lenye joto, kwa saa nyingi. Moto chini ya tangi, hapana, hata wa makaa. Ukiwa njiani, utakachohitaji ni filta ya akiba ya namba sahihi, bisibisi au kamba ya kuifungulia, tochi, glavu na chupa ya dizeli safi ya kujazia filta mpya iliyokaa ndani ya gari kwenye uvuguvugu. Jaribu kuifungua filta ya sasa leo, mchana, ukiwa na hizo glavu mkononi. Ikiwa imekaza kiasi kwamba haizunguki, mwambie fundi ailegeze wiki hii.