Jinsi ya kuunganisha data za kemikali na data za afya bila kujidanganya

Wengi wakianza hii kazi wanakimbilia grafu, wanashusha faili la kemikali, wanashusha la magonjwa, wanayabandika pamoja afu matokeo hayaeleweki. Kazi yenyewe iko kwenye ufunguo, yaani ile safu inayofanana kwenye mafaili yote mawili, na hapo ndo pa kukaa muda mrefu.

Jina la kemikali usiliamini hata siku moja. Bisfenoli A, ile kemikali ya kwenye plastiki, utaikuta imeandikwa BPA, kwingine jina refu la kikemia, kwingine jina la kibiashara, na kompyuta inaona vitu vitatu tofauti. Tumia namba ya CAS, yaani namba ya utambulisho ambayo kila kemikali ina yake, ya bisfenoli A ni 80-05-7. Ukiwa na jina tu nenda PubChem, hifadhidata ya kemikali ya mtandaoni, ni bure, utaipata. Ila ukifungua faili kwenye Excel namba kama hiyo inaweza kugeuzwa tarehe kimyakimya, kwa hiyo iambie mapema kwamba hiyo safu ni maandishi.

Afu jiulize kemikali ipi hasa. Aseniki ndo mfano wangu siku zote: mtu akila samaki wa baharini, aseniki ya jumla kwenye mkojo inapanda, lakini ile ya samaki kwa sehemu kubwa ni aina ambayo sumu yake ni ndogo sana, siyo kama ile inayotoka ardhini na kuingia kwenye maji ya kisima. Ukichukua tu safu ya jumla ukaiunganisha na ugonjwa, unaweza ukawa umepima nani anakula samaki, basi. Tafuta safu za zile aina moja moja.

Kwa upande wa watu anza na NHANES, utafiti wa kitaifa wa afya na lishe wa Marekani, data zake ziko wazi. Tangu 1999 ni utafiti unaoendelea mfululizo, watu wanapimwa damu na mkojo, majina yao hayatolewi, kila mtu ana namba inayoitwa SEQN. Faili la risasi kwenye damu, la presha, la maswali ya sigara, yote unayaunganisha kwa SEQN, na hata la vifo lipo. Hesabu mistari kabla na baada ya kuunganisha, ikiongezeka ujue kuna faili lenye mtu mmoja mara nyingi, simama hapo hapo urekebishe. Na usisahau safu ya uzito wa sampuli, ile inayoonyesha kila mtu aliyepimwa anawakilisha watu wangapi nchini, bila hiyo namba zako haziwakilishi nchi.

Vipimo sasa. Pale mashine iliposhindwa kuona kemikali utakuta tayari wameweka kile kiwango cha chini kabisa ambacho mashine inaweza kukiona, kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 2, na safu ya pembeni inakwambia ni nani hao. Hiyo siyo sifuri wala siyo kipimo halisi, na kama nusu ya watu wako ni wa hivyo mi nisingechora mstari wowote. Kwenye mkojo, aliyekunywa maji mengi kemikali yake itaonekana ndogo, kwa hiyo weka kwenye hesabu kreatinini, taka ya mwili inayoonyesha mkojo umechanganyika na maji kiasi gani.

Muda nao. Bisfenoli A inatoka mwilini ndani ya siku moja hivi, risasi inakaa mifupani miaka na miaka, kwa hiyo mkojo wa asubuhi moja ukiuunganisha na ugonjwa wa moyo uliochukua miaka 20 kujengeka, hapo uwe na wasiwasi mkubwa.

Ukitaka kujua kemikali inagusa jeni gani na ugonjwa gani, ingia CTD (Comparative Toxicogenomics Database), hifadhidata ya mtandaoni, wanakusanya hayo kutoka kwenye makala za utafiti. Soma safu ya ushahidi! Kuna uhusiano uliosemwa moja kwa moja na kuna uliokisiwa kupitia jeni, na kuna wa tiba, maana aseniki trioksaidi ni dawa ya aina moja ya saratani ya damu wakati aseniki hiyo hiyo inasababisha saratani. Ukichanganya, dawa itahesabiwa kama sumu.

Mwisho angalia sigara. Kadmiamu inaingia mwilini kwa moshi wake, kwa hiyo kabla hujailaumu kadmiamu kwa ugonjwa wa mapafu weka kotinini ya damu, alama ya nikotini iliyoingia mwilini, kwenye modeli yako ya takwimu, NHANES wanaipima, SEQN ni ile ile.