Jinsi sisi wawili tunavyotoka wikendi kutoka Köln bila kumaliza mshahara

Mimi na mume wangu tunaishi Köln, Ujerumani, huu mwaka wa sita. Mimi niko kwenye nyumba ya wazee, yeye yuko ghala, na shifti zetu zinapishana kiasi kwamba kuna wiki tunaachiana ujumbe kwenye mlango wa friji tu, mmoja anaingia mwingine anatoka. Mwaka wa pili tukaona hapana, hatukuja huku tuishi kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Tukakubaliana kila baada ya wiki kama sita kuna wikendi ni yetu, tunatoka mjini, na kazini tunaomba tarehe hizo mapema ratiba haijapangwa. Wenzangu wengi wananiuliza tunawezaje, basi naandika hapa yote niyajuayo.

La kwanza kabisa, hesabuni masaa, msihesabu nauli. Hili tulijifunza kwa kupoteza. Tulipata tiketi za ndege za Milano bei rahisi sana, tukafurahi, kumbe uwanja wa kuondokea uko saa moja na nusu kutoka kwetu, na ndege yenyewe inatua Bergamo ambako ni kama kilomita 50 kutoka Milano, inabidi upande basi tena. Tumetoka nyumbani Ijumaa saa nane mchana tumefika hotelini karibu saa sita usiku, Jumapili asubuhi tunakimbilia uwanjani tena, yani Milano tuliiona Jumamosi moja tu na nauli za mabasi kwenda na kurudi zilizidi tiketi ya ndege. Tangu siku hiyo tuna sheria yetu: kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa hoteli isizidi masaa manne, mji mmoja, usiku mbili. Viwanja vingi vya ndege za bei nafuu viko mbali hivyo hivyo, Beauvais wanaiita Paris na iko kama kilomita 85 kutoka Paris, Charleroi wanaiita Brussels, Hahn wanaiita Frankfurt. Angalia ramani kwanza ndo ulipe.

Ukiwa Köln treni ndo kila kitu. Brussels ni kama masaa mawili moja kwa moja, Liège kama saa moja, Amsterdam masaa mawili na dakika arobaini hivi, Paris masaa matatu na dakika ishirini. Unashuka katikati ya mji, hakuna kupekuliwa begi wala kuhangaika na chupa ya mafuta ya nywele kama imezidi mililita 100. Siri ya bei ni kukata tiketi mapema, wiki sita hadi nane kabla, zile za bei ya chini zikiisha zimeisha na wiki ya safari unaweza kuta imepanda mara tatu. Tiketi hizo za chini zinakufunga kwenye treni hiyo hiyo, kwa hiyo usikate ya saa kumi jioni kama shifti inaisha saa tisa na bosi wako ana tabia ya kukuongezea nusu saa. Na treni ikichelewa usinyamaze. Sheria ya Ulaya inasema ukifika umechelewa dakika 60 unarudishiwa robo ya nauli, ikifika dakika 120 ni nusu. Jaza fomu, sisi tumesharudishiwa.

Kama mna Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma iliyoanza 2023 kwa euro 49 na sasa imepanda, basi mna safari za bure ambazo watu hawazitumii. kwenye ICE, zile treni za kasi, haikubaliki lakini treni za mikoani zote inakubalika, so mnaweza kufuata mto Rhein hadi Koblenz kisha Mosel hadi Trier, mashamba ya mizabibu pande zote mbili, mnakula chapati zenu dirishani. Trier kuna lango la Warumi, Porta Nigra, limesimama mpaka leo. Alafu ukivuka mpaka tu uko Luxembourg, na huko tangu 2020 basi, tramu na treni za daraja la pili ni bure kwa kila mtu hata mgeni. Tulilala Trier kwa sababu hoteli za Luxembourg ni ghali, mchana tukashinda Luxembourg. Nauli ya wikendi nzima ilikuwa sifuri juu ya ile tiketi ya mwezi.

Sasa karatasi, na hapa naomba msome taratibu. Kadi ya ukaazi ya Ujerumani pamoja na pasipoti inakuruhusu kutembea nchi nyingine za Schengen, zile nchi za Ulaya zilizokubaliana viza moja, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, hauhitaji viza. Beba vyote viwili, sio picha kwenye simu, vyenyewe, maana siku hizi polisi wanaingia kwenye treni mpakani na kwa sisi wenye pasipoti ya Tanzania hakuna kujieleza sana, unaonyesha kadi wanaenda. Uingereza na Ireland hazimo Schengen, kadi yako haikufikishi huko, unaomba viza yao kama mtu yeyote. Uswisi imo, ila haimo kwenye Umoja wa Ulaya, kwa hiyo bando la simu linaweza kukukata vibaya, zima data kabla ya mpaka. Na kama kadi imeisha na umepewa ile karatasi ya kusubiria, Fiktionsbescheinigung, ulizia kwanza ofisi ya wageni kabla ya kuvuka mpaka wowote. Sisi kadi ya mume wangu ilichelewa miezi mitano, hatukuthubutu, tukabaki ndani ya Ujerumani.

Na miezi hiyo ndo tulienda Berlin. Ni masaa manne na zaidi, ilizidi sheria yetu, tukachukua Ijumaa ya likizo. Kama wewe ni Mtanzania naomba uende makumbusho ya viumbe asilia pale ukamwone mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria. Anasimama zaidi ya mita 13 katikati ya ukumbi. Mifupa ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, wachimbaji walikuwa watu wetu kwa mamia, msimamizi wao akiitwa Boheti bin Amrani, na wabebaji wakaishusha hadi bandarini kwa miguu mwendo wa siku kadhaa. Mume wangu ni wa Lindi. Alisimama pale nusu saa hasemi kitu, na mimi sikumharakisha.

Wikendi ninayomshauri kila mtu aanze nayo ni Brussels. Ijumaa mkifika nendeni Matonge, mtaa wa Ixelles karibu na stesheni ya metro ya Porte de Namur, umepewa jina la mtaa wa Kinshasa. Kuna saluni, maduka ya vitenge, samaki wa kukaanga, ndizi, sombe, yaani kisamvu, ambayo wao wanaiita pondu, na unasikia Kilingala, Kifaransa, na ukitega sikio Kiswahili cha Kivu. Mama mmoja muuza mboga alitusikia tunabishana bei akauliza "munatoka wapi?" na tukakaa naye karibu saa nzima. Mtu ukikaa muda mrefu hujasalimiwa "karibu mama" na mtu usiyemjua, hiyo peke yake inatosha nauli.

Jumamosi pandeni tramu namba 44 kutoka Montgomery, inapita msituni hadi Tervuren kwenye makumbusho ya Afrika. Mwaka 1897 mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji alileta Wakongo 267 wakaonyeshwa hapo bustanini kama maonyesho, saba wakafariki, makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Makumbusho yalifungwa miaka mitano kwa ukarabati yakafunguliwa tena Desemba 2018. Mkitoka ndani tembeeni hadi makaburini, ni karibu. Msipange kitu kingine kizito siku hiyo, jioni kaeni tu mahali mle viazi vya kukaanga mzungumze. Jumapili asubuhi tembeeni Grand-Place, ule uwanja wa zamani katikati ya mji, watu hawajajaa, saa nane mchana mko kwenye treni.

Amsterdam ni nzuri ila ghali, kodi ya watalii tu ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Laleni Haarlem, treni ni kama dakika ishirini. Nyumba ya Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyejificha humo na kuandika shajara wakati wa Wanazi, usiende bila tiketi, zinatolewa mtandaoni kila Jumanne kwa tarehe za wiki sita mbele.

Hela tunapanga hivi: kila mwezi kila mmoja anaweka euro 60 kwenye akaunti ya pembeni, hiyo haiguswi hata friji ikiharibika. Ya kutuma nyumbani inatoka kwanza siku ya mshahara, safari haipunguzi ada ya mdogo wangu. Na hili nalisema kwa upendo, zungumzeni na nyumbani. Mama yangu alipoona picha ya Paris alidhani nina hela nyingi nimemficha, nikampigia nikamweleza tulilala wapi na tulikula nini, mkate na mayai ya kuchemsha toka nyumbani, akaelewa.

Tarehe pia ni hela. Hapa kwetu kuna sikukuu mbili kila mwaka zinaangukia Alhamisi, ya Kupaa na ya Ekaristi, ukiomba Ijumaa moja tu ya likizo unapata siku nne. Omba Januari, maana kila mtu anaitaka. Pasaka msihangaike, bei zinapanda na treni zimejaa.

Mwisho, rudini Jumapili kabla ya saa kumi na mbili jioni hasa kama mtu ana shifti ya Jumatatu alfajiri, na kumbukeni Jumapili maduka ya Ujerumani yamefungwa. Ijumaa kabla ya kutoka nunueni mkate na maziwa. Sisi tunaacha maharage yaliyochemshwa kwenye friza, tukifika mmoja anaoga mwingine anaunga na nazi, wali uko jikoni, na mabegi tunayafungua kesho.