Kumwandaa Afisa wa Meli kwa Maji ya Ncha za Dunia Akiwa Dodoma

Afisa wa sitaha aliye likizo Dodoma, akisubiri nafasi kwenye kozi ya maji ya ncha za dunia, hana haja ya kukaa bure. Cheti hutolewa baada ya kozi iliyoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa majini, na mazoezi haya hayachukui nafasi yake. Lakini lililo gumu kuliko yote katika kozi hiyo, yaani kuitambua barafu kwa macho na kuamua mwendo, unaweza kuanza kulifundisha hapo hapo Area D au Nzuguni kwa friza, chumvi na misumari.

Kwanza masharti. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari kuhusu meli kwenye maji ya ncha zilianza kutumika Januari 1, 2017. Masharti ya mafunzo chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, yakafuata Julai 1, 2018. Barafu ikizidi sehemu moja ya kumi ya uso wa bahari, nahodha na afisa mkuu wanatakiwa wawe na mafunzo ya juu, na maafisa wa zamu mafunzo ya msingi. Kanuni hizi zinahusu Antaktika kusini ya latitudo 60, na sehemu kubwa ya Aktiki kaskazini ya 60.

Sasa friza. Chukua vyombo viwili vya plastiki vya ujazo unaozidi lita moja. Kimoja kitie lita moja ya maji ya bomba. Kingine kitie lita moja iliyokorogwa na gramu 35 za chumvi. Pima kwa mizani ya dukani, usikadirie kwa kijiko. Acha nafasi ya vidole viwili juu, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia tisa na chombo kilichojaa hupasuka. Weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa saa 24. Ukitoa mapema, chombo cha chumvi kitakuwa uji katikati na zoezi litaharibika.

Mpe mwanafunzi msumari wa inchi tatu ausukume kwa mkono, bila nyundo. Kwenye barafu ya maji ya bomba ncha inateleza na kuacha mkwaruzo tu. Kwenye ile ya chumvi msumari unazama, na pembeni yake panatoka maji ya chumvi kali. Sababu ni kwamba chumvi haiingii ndani ya fuwele za barafu; hubaki katika vishimo vidogo vya maji mazito, na vishimo hivyo ndivyo vinavyoidhoofisha. Barafu changa ya baharini iko hivyo. Ikivuka misimu ya kiangazi, ile chumvi huchuruzika, na kinachobaki ni kigumu kama kile cha maji ya bomba. Vipande vilivyomeguka kutoka barafu ya nchi kavu havikuwa na chumvi tangu mwanzo.

Kisha kwangua barafu nyeupe, nyunyiza juu ya vyombo vyote viwili, na umuulize ni kipi meli ipite. Hataweza kujua, na hapo ndipo somo lilipo, kwa maana theluji hufanya vivyo hivyo baharini. Mfundishe dalili zinazobaki za barafu kongwe iliyo ngumu: rangi ya kuelekea bluu, vilima vilivyolainika kwa kuyeyuka na kuganda tena, na kimo kikubwa zaidi juu ya maji. Novemba 2007 meli ya watalii Explorer ilizama karibu na visiwa vya South Shetland baada ya kugonga barafu ngumu kuliko nahodha alivyodhani. Watu wote 154 waliokolewa.

Hesabu ya hatari kwa POLARIS, mfumo wa kupima kama meli inaweza kupita kwenye barafu iliyopo, ifanyike kwa kalamu kabla ya kompyuta. Kila aina ya barafu ina alama yake kulingana na daraja la uimara wa meli. Zidisha alama hiyo kwa sehemu za kumi zilizofunikwa, halafu jumlisha. Tuseme maji wazi yana alama 3 na barafu iliyopo ina alama hasi 2. Sehemu sita za maji ni 18, sehemu nne za barafu ni hasi 8, jumla ni 10. Jibu ni chanya, yaani meli inaweza kupita, na wanafunzi wengi hufurahi hapo. Mrudishe: jumla hiyo inaelezea eneo zima, bali omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, hugonga kipande kimoja, na kipande hicho ni cha hasi 2. Mwendo wa usiku upangwe kwa kipande.

Kuhusu kuingia, chora ukingo wa barafu ubaoni. Tafuta njia ya kuuzunguka kwanza. Ikiwa haipo, ingia upande uliokingwa na upepo, ambako barafu imetawanyika zaidi, kwa pembe mraba na mwendo mdogo kabisa. Omo ikishaingia, ongeza nguvu kidogo ili meli isisimame. Kabla ya kurudi nyuma usukani uwe katikati, la sivyo barafu itaupinda. Rada haitoshi: kipande kinachojitokeza chini ya mita moja hupotea kati ya mawimbi.

Uzito wa barafu inayoganda kwenye meli uuweke kwa vipimo vya nyumbani. Kanuni zinataka uthabiti uhesabiwe kwa kilo 30 kwa kila mita ya mraba ya sitaha iliyo wazi. Sitaha ya mita 20 kwa 12 inabeba kilo 7,200, sawa na mifuko 144 ya saruji, tena juu kabisa ambako huidhoofisha meli. Mbavuni ongeza kilo 7.5 kwa kila mita ya mraba.

Zoezi la mikono: ndoo ya maji na barafu, bila chumvi, kwa sababu chumvi huishusha chini ya sifuri na kuunguza ngozi. Afunge fundo la bolini na umpime muda. Azamishe mikono dakika moja, afunge tena. Tofauti ya sekunde iandikwe, kisha aizidishe kwa kazi ya kuandaa mashua ya kuokolea, ambako kanuni zinataka watu waweze kuishi wakisubiri msaada kwa siku zisizopungua tano.

Mwisho, afungue daftari la safari tangu sasa. Cheti cha juu hudai mafunzo ya msingi pamoja na angalau miezi miwili ya utumishi wa sitaha, wa zamu au wa uongozi, kwenye maji ya ncha au utumishi mwingine unaokubalika kuwa sawa na huo. Kila safari iwe na tarehe, latitudo na saini ya nahodha.